Nafasi Aliyoiacha Ndagala

Juzi pale saluni mlikaribia kupigana. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, shavu moja limenyolewa na lingine limejaa povu, na kinyozi wenu badala ya kumaliza kazi alikuwa anapunga wembe hewani akimtetea Mukeke. Wengine mlikuwa upande wa Ndagala. Mlicheza nyimbo zao kwenye simu, huu baada ya ule, mkatoa hoja kama mawakili: nani aling'aa zaidi baada ya kuachana, nani alikuwa na maneno, nani alibebwa tu na mwenzake walipokuwa wawili. Kisha mmoja wenu akanigeukia.

"Muzehe, we ndo uliwarekodi wote wawili. Sema ukweli. Kila mutu peke yake, nani alikuwa mukali?"

Nikasema ninyoeni kwanza. Nikanyolewa, nikaenda zangu, na nyuma yangu nikasikia mnacheka kwamba mzee amesahau. Sijasahau kitu. Nilikasirika, na hasira yenyewe haikuwa yenu. Swali lenu lina jibu, ila jibu hilo linanihusu mimi kuliko linavyowahusu wao, na si neno la kusemwa na mtu mwenye povu usoni.

Kwa wasionijua, mimi ni Fundi Hassani. Nilikuwa na kibanda nyuma ya soko la Rumonge, mji wetu huu wa kando ya ziwa, kibanda cha kurekodi na kunakili kaseti, kabla ya vita, wakati wa vita, na miaka michache baada ya vita, mpaka simu zenu zilipokuja kuniambia nikapumzike. Nyinyi mkikosea mnabonyeza mnafuta, mnaanza upya. Sisi tukikosea, kosa linauzwa sokoni hadi Kabezi.

Kazi nilifundishwa na Papa Bisimwa, fundi wa redio aliyetoka upande wa Uvira, mtu mfupi mwenye kucha ndefu ya kidole kidogo aliyoifuga makusudi kwa ajili ya kufungulia kaseti. Alinifundisha kusafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, kuzungusha utepe kwa penseli ili kuokoa betri, na kutundika magodoro ukutani ili mbuzi wa jirani wasiingie kwenye wimbo. Zaidi ya yote alinifundisha meno. Kaseti ina vijino viwili mgongoni. Ukishavivunja, mashine inakataa kurekodi juu yake, na kilichomo kinabaki. "Kwanza vunja meno, kisha furahi," alikuwa akisema. Alisema hivyo kwa sababu wengi tulifurahi kwanza.

Mimi nilianza na kosa kubwa zaidi ya hilo. Nilirekodi harusi nzima ya mtu mkubwa wa mjini huku nimebonyeza kitufe cha kusimamisha. Kaseti haikuzunguka hata kidogo. Papa Bisimwa alinirudisha kwa wenye harusi kesho yake kuwaomba wazee warudie hotuba. Wakarudia kweli, lakini baba mdogo wa bibi harusi alikuwa ameamka na kumbukumbu mpya, akataja mambo ambayo jana yake hakuyataja, na ukoo ule haujapatana vizuri hadi leo. Nilicheka sana kwa habari hiyo miaka mingi. Sikujua kwamba nilikuwa nafanya mazoezi.

Sasa hao vijana wawili.

Yakobo alikuwa mpana, wazazi wake walitoka Kivu ya Kusini wakafanya kazi ya samaki hapa. Sauti yake ilitoka tumboni. Issa alikuwa wa mtaani kwetu, mtoto wa fundi cherehani, mwembamba mpaka shati lilionekana limetundikwa. Akina mama wa mwaloni, pale boti za samaki zinaposhusha, ndio waliowabatiza. Mnene wakamwita Mukeke, kwa yule samaki wetu mwenye mafuta, na mwembamba wakamwita Ndagala, yaani dagaa. Walianza kuja kwangu vita vikiwa vimeshaanza milimani, wote wawili wakiwa wamevuka ishirini kidogo.

Nilikuwa na maikrofoni moja. Basi nilichora alama mbili za chaki sakafuni: ya Ndagala karibu na maikrofoni, ya Mukeke hatua tatu nyuma, la sivyo angempiga mwenzake kwa sauti mpaka asisikike. Ufundi wote ulikuwa huo, wanangu, chaki. Na walikuwa na namna yao ya kazi ambayo sijaiona kwa wengine. Ndagala alitunga nusu ya kila mstari, akaja nayo kichwani, na hakumwambia mwenzake hata neno moja. Mukeke aliisikia kwa mara ya kwanza mashine ikiwa inazunguka, na palepale ilimbidi aimalizie.

"Rumonge iko na mafuta, lakini taa," anasema Ndagala.

"Imezima!" anapiga Mukeke kutoka nyuma.

"Baba iko na shamba, lakini jembe."

"Imehama!"

Mara nyingine Mukeke alijibu kitu ambacho Ndagala hakukitegemea, na kicheko cha Ndagala kimebaki kwenye utepe. Mkisikiliza vizuri zile nyimbo zao tatu za kwanza mtakisikia. Nilitaka tuzirudie bila kicheko. Ndagala akakataa. "Fundi, jibu linakuja mara moja. Ukirudia, inakuwa uongo," akasema. Nikamwambia mimi ndiye mwenye mashine. Akavunja meno ya kaseti mbele yangu, taratibu, kwa kucha, kama Papa Bisimwa. Nilimchukia siku ile, na nawaambia wazi, sikuacha kumchukia kidogo. Mukeke alikuwa anakubali. Ukimwambia simama hapa, anasimama. Ndagala alikuwa anauliza kwa nini.

Halafu siku ikafika, mtaa wetu ukazungukwa asubuhi na askari, nyumba kwa nyumba, na wajomba wawili wa Ndagala wakachukuliwa, hawakurudi. Juma hilohilo mama yake alimvusha ziwa kwa boti ya wafanyabiashara hadi Kigoma, na kutoka pale wakapelekwa kambi ya wakimbizi. Hakupata nafasi ya kuaga. Kwa hiyo mnapoandika kwenye simu zenu kwamba "waliachana", andikeni sawasawa. Hakuna aliyemwacha mwenzake. Mmoja alibaki ufukweni na mwingine akapelekwa ng'ambo.

Miaka ile barua hazikuvuka, ila kaseti zilivuka. Waliokuwa kambini waliongea kwenye kaseti, na wafanyabiashara wakazileta chini ya bidhaa. Lakini kwenye barieri, pale watu walipozuiwa njiani kukaguliwa, askari walikuwa na redio yao. Walichukua kaseti, wakasikiliza mwanzo, na wakisikia mtu anasalimia kutoka kambini, mwenye kaseti alikuwa matatani, maana kila wa ng'ambo alihesabiwa kuwa ni wa maporini, yaani mwasi. Basi watu wakabuni desturi. Unaweka muziki mwanzo, unaacha kimya kirefu, halafu mwisho kabisa wa utepe, dakika ya mwisho, ndipo unaweka salamu zako. Askari hakuwa na betri za kupoteza kusikiliza kimya. Aliyekuwa na ndugu ng'ambo alijua: muziki ukiisha, usizime, ngoja. Kila nyumba ya Rumonge ilijua hivyo. Mimi nilijua kuliko wote, kwa sababu salamu nyingi nilizirekodi mwenyewe.

Mukeke akabaki na alama yake ya chaki, hatua tatu nyuma, na mbele yake hapana mtu. Nikamwambia sogea. Akasogea, akaanza kutunga peke yake, mistari mizima. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini kila mwisho wa mstari alinyamaza kidogo, pumzi moja hivi, akisubiri. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Nilimwambia, akajaribu kuacha, akashindwa. Mwili wake ulikuwa umezoea kwamba neno linatoka kwa wawili. Nikachoka. Nikachukua kinanda na kila penye nafasi nikatia vidole, tiriri, tiriri. Redio za Bujumbura zikapenda. Vijana wakaiga. Hata juzi kinyozi wenu alisema ile ndiyo "stile ya Mukeke", kupumzika halafu kinanda. Si stile hiyo. Alikuwa anamsubiri Ndagala, na mimi nikaziba.

Kila Ijumaa boti za Kigoma zilipofika, Mukeke alipita kibandani. Alijua kwamba Mama Zuena, muuza vitenge, anavuka na kaseti za watu na kuziacha kwangu.

"Fundi, amahoro. Haikuja kitu?"

"Haikuja."

"Hata salamu mwisho wa kaseti ya mutu mwengine?"

"Haikuja, Mukeke. Ingia turekodi."

Kwa muda mrefu lilikuwa jibu la kweli. Halafu asubuhi ya Alhamisi moja, Mama Zuena akaja siku moja kabla ya kawaida yake, akafunua kapu la ndagala wakavu, akatoa kaseti. Ilikuwa kaseti nzuri, ya dakika tisini, ya utepe mweusi, ambayo hapa kwetu haikuonekana tena tangu vitu vilipoanza kuadimika kwa ambargo, vile vikwazo vya nchi jirani. Juu yake mwandiko wa Ndagala: *Kwa Mukeke. Ajaze.* Meno yote mawili yalikuwa yamevunjwa. Nilikuwa nimemfundisha vizuri.

Niliisikiliza peke yangu, mlango nimefunga. Alikuwa ametunga nyimbo za upande mzima, akipiga ndoo kwa mkono badala ya ngoma, na kila mstari ulikuwa nusu. Nusu mstari, kimya. Nusu mstari, kimya. Zilikuwa bora kuliko yote waliyofanya kwangu. Nilielewa mara moja. Nilichotakiwa kufanya ni kumwita Mukeke, kumweka kwenye alama yake ya nyuma, kuchezesha kaseti ile kwenye mlango mmoja wa mashine na kurekodi kwenye mwingine, na wale wawili wangekuwa wamerudi pamoja juu ya ziwa. Ilikuwa kazi ya nusu siku.

Nitawaambia nilivyofanya. Jumatatu yake mtu wa redio kutoka Bujumbura alikuwa anangojea nyimbo za Mukeke peke yake, na kaseti nilizokuwa nazo zilikuwa zimechakaa, zinanguruma. Nilijiambia kwamba sauti ya kambini ikikutwa kwangu nitapigwa, labda zaidi ya kupigwa. Hofu ilikuwepo, siikatai. Lakini ukiwa na hofu unaficha kaseti chini ya magodoro, huihitaji kuifuta. Ukweli ni kwamba Mukeke peke yake alikuwa wangu. Alisimama nilipomwambia, kinanda changu kilisikika redioni, na watu walianza kuniita fundi wa Mukeke. Ndagala akirudi, hata kama ni sauti tu, angerudi na zile "kwa nini" zake. Nikachukua plasta ya kidonda, nikaziba mashimo ya meno. Nikabandika karatasi nyeupe juu ya mwandiko wake. Kesho yake, Ijumaa, Mukeke akaja, akauliza kama kawaida, nami nikajibu kama kawaida. Kisha nikamwambia tumepata kaseti nzuri, na tukarekodi nyimbo zake sita juu ya nyimbo za ndugu yake. Alifurahi sana kwa ubora wa utepe. Aliugusa kwa kidole akasema, "Iko safi hii."

Nyimbo sita hazikufika mwisho wa upande. Nikaacha mashine iendelee kurekodi kimya, ifute yaliyobaki, nikaenda msikitini. Niliporudi imesimama. Nikadhani imefika mwisho. Kumbe betri zilikuwa zimekufa njiani, na dakika za mwisho za Ndagala zilibaki palepale. Nikatia betri mpya nikaanza kunakili upande mzima, kaseti baada ya kaseti, bila kusikiliza, kwa sababu nani anasikiliza kimya? Zikasambaa kutoka Muhuta hadi Nyanza-Lac. Wanunuzi walizima muziki ulipoisha, wakiokoa betri zao, maana kaseti ya kununua haikutarajiwa kuwa na salamu.

Mmoja tu hakuzima. Moja ya kaseti hizo Mama Zuena aliivusha, akampelekea Ndagala kambini kama zawadi. Ndagala akasikiliza nyimbo sita za mwenzake. Muziki ukaisha, na yeye akafanya kama mtu yeyote wa kwetu angefanya: akangoja salamu.

Mimi sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba miezi michache baadaye kaseti ya Ndagala mwenyewe ilivuka ziwa, na mwaloni mzima ukapasuka kwa kicheko. Nyinyi mnaijua, mnaikariri. Anamtukana Mukeke mwanzo hadi mwisho, mafuta yake, usingizi wake, mdomo wake unaojua kula tu, na hapumui. Hakuna hata upenyo wa kuingiza sindano. Juzi mlibishana kama ile kasi aliipata kwa mazoezi au kwa kipaji. Alikuwa ameapa kwamba hatamwachia mtu nafasi tena, basi. Kambi nzima ilimpenda, akaitwa huku na kule kwenye makambi mengine, akawa mkubwa kweli. Na kila wimbo ulikuwa na Mukeke ndani yake.

Mukeke alikuja kibandani amekunja uso kama mtoto aliyechapwa bila kosa.

"Fundi, nimemukosea nini Issa?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Sikuwa najua kilichomfikia Ndagala kambini, lakini nilijua kuna kaseti yake iliyofika kwangu, nilijua nimeifuta, na mtu alikuwa amesimama mbele yangu anauliza. Nikamwambia, "Ni wivu. Ameona uko redioni. Mujibu."

"Sitaki kumujibu. Labda iko na shida kule."

"Ukinyamaza watasema ni kweli."

Akakataa wiki tatu. Wiki ya nne akakubali, kwa sababu alikuwa mtu wa kukubali. Ule ndio wimbo wake wa pekee wa matusi, na ndio dhaifu kuliko zote, mmesema kweli. Alitukana kama anayeomba samahani. Hata pale aliacha nafasi mwisho wa mstari, na hata pale nikatia kinanda. Watu wakafurahi: wamegombana! Wakanunua huyu na wakanunua yule. Mimi nikanakili wote wawili kibanda kimoja, mlango wa kushoto Mukeke, mlango wa kulia Ndagala.

Mukeke alipanda basi dogo siku moja asubuhi kwenda Bujumbura, aliitwa redioni. Gari lilipigwa risasi upande wa Muhuta, pale barabara inapobanwa kati ya mlima na maji. Hakuna aliyejua kwa hakika ni kina nani waliopiga; miaka ile hatukuwa tunauliza sana. Tulimzika hapa. Akina mama wa mwaloni walilia kwa jina walilompa wao. Kambini walitangaziwa, na nasikia Ndagala hakuonekana siku nyingi, kisha akapanda jukwaani akafanya nyimbo zake zote isipokuwa zile za kumtukana. Mtaona kwamba hakubakiwa na nyimbo nyingi.

Vita vikaisha, au vikachoka. Wakimbizi wakaanza kurudi. Mchana mmoja nilikuwa nafungua redio ya mtu, nikaona kivuli mlangoni, chembamba kilekile.

"Amahoro, Fundi."

"Amahoro, Issa. Karibu. Karibu nyumbani."

Hakukaa. Aliweka kaseti juu ya meza, nakala ya nyimbo za Mukeke, karatasi yake imefifia. "Weka upande wa kwanza. Peleka mbele mpaka mwisho."

Nikapeleka. Wimbo wa sita ukaisha, ukaja mvumo wa utepe mtupu. Mkono wangu ukaenda kuzima, kwa mazoea.

"Acha."

Tukangoja. Halafu nikamsikia, kijana, na ile ndoo yake.

"Ziwa iko kubwa, lakini sauti." Kimya.

"Kambi iko na watu, lakini ndugu." Kimya.

Kisha kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeongea na mtu: "Mukeke, ingia. Nimekuachia nafasi. Sikuambii neno, unalijua mwenyewe." Mashine ikalia ta, ikasimama.

"Alinirudishia hivyo," Ndagala akasema. "Tupu. Nikasema bon, nimeelewa, hataki. Sikuja kwa ugomvi, Fundi, mutu ameshakufa. Nataka kujua kitu kimoja tu. Kabla ya kufuta, alisikiliza?"

Wanangu, marehemu hajibu. Neno moja, "alisikiliza", na ningekuwa nimemaliza, na pengine hata ningeonewa huruma. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Sijui nilikataliwa na nini; sitaki kujisifu kwamba ni ujasiri, kwa sababu nilikuwa nimekuwa mwoga miaka mingi mno. Nadhani ni ile sauti kusema "ingia". Nikanyanyua mkono rafuni, nikashusha kaseti mama, ile niliyonakilia zote, nikabandua ile karatasi nyeupe. Mwandiko wake ulikuwa bado upo chini. Plasta ilikuwa bado kwenye mashimo ya meno.

"Mukeke hakuiona hii," nikasema. "Hakujua kama ilikuja. Ni mimi."

Aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya plasta.

"Aliwahi kuniuliza?"

"Kila Ijumaa."

"Na wewe ulimuambia nini?"

"Kwamba haikuja kitu."

Akaketi juu ya katoni la redio mbovu. Nilitaka anipige. Nilikuwa nimeshavua hata miwani. Hakunipiga, hakunitukana, yeye ambaye alikuwa bingwa wa matusi wa makambi yote. Alisema tu, "Kumbe nilikuwa natukana mutu mwenye alikuwa ananingoja." Akaniomba nirudishe ule mwisho. Nikarudisha. Akasikiliza mara tatu. Mara ya tatu, penye kimya, aliinua kichwa.

"Fundi, wewe ulimurekodi miaka yote hii. Unafikiri angesema nini hapa?"

Nikafungua mdomo. Mimi niliyeziba nafasi zote za Mukeke kwa vidole kumi, sikuwa na kitu cha kutia. Nikasema sijui. Akasema hata yeye hajui, ndiyo maana aliiacha wazi. Akaondoka, kaseti zote mbili akaniachia mezani.

Mnauliza kwa nini Ndagala aliacha kuimba akiwa juu. Mmoja wenu juzi alisema maneno yalimwishia. Hayakumwishia. Yuko upande wa Nyanza-Lac, anakamua mawese, na nikimtumia salamu kwa mtu anarudisha "amahoro" bila neno la ziada. Hajashika maikrofoni tangu siku ile. Kwa hiyo hapo ndipo panapoishia mashindano yenu. Mmoja aliimba miaka yote akimsubiri mwenzake, mwingine akaimba miaka yote akimfukuza, na mimi katikati nabonyeza kitufe. Mkitaka mkali, sijui. Mkitaka mwenye makosa, nimewapa jina na kazi yake.

Kinyozi ameniahidi kuziingiza kaseti zangu kwenye simu, na amesema atakata "ule uchafu wa mwisho" ili faili liwe dogo. Msikate. Muziki wa Mukeke ukiisha, acheni kaseti iendelee. Baada ya "ndugu" kuna kimya cha kama pumzi nne. Najua mtajaribu kukijaza, nyinyi ni vijana, na mimi mwenyewe nimejaribu maneno mengi nikiwa peke yangu: inavuka, iko moja, inangoja. Yote yanatosha kwa vina, na hata moja si lake. Neno lilikuwa la Mukeke, alikuja kulitafuta kibandani kwangu kila Ijumaa, na mimi nikamwambia haikuja.